Namba D, Mwaka 2003

Muulize mtu wa Dar es Salaam gari lake ni la mwaka gani, na mara nyingi atakujibu kwa herufi. "Namba D." Anayetaka kuringa kidogo atasema, "Namba E hiyo, bado mpya." Mgeni atabaki anakodoa macho. Namba zetu za usajili, kwa mtindo ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na herufi ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayotajwa mitaani. A zilikwisha, zikaja B, C, D, sasa tuko E. Herufi hiyo inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Lilitoka kiwandani lini, hilo halimo.

Nimelazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu Corolla 110 yangu imefika mwisho. Ni namba A, imetengenezwa 1998, na kwa miaka kumi na zaidi imenipeleka kazini kutoka Kimara hadi mjini na kunirudisha. Mwaka huu kuna safari nyingine: mama yangu anakaa Kibaha na anatakiwa hospitali mara mbili kwa wiki, hawezi kusimama kituoni kusubiri basi. Giaboksi ikianza kuteleza kwenye mlima mama akiwa kiti cha nyuma, huna tena ubishi na fundi. Fundi wangu wa Gerezani aliisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Dada, hii ukiitengeneza unatengeneza ya mwenzio." Nina milioni kumi na moja za kikoba. Kwa fedha hiyo mjini hapa unanunua Toyota IST iliyokwisha kutumika mara mbili, kwanza Japani halafu kwetu.

Nikapata mbili. Ya kwanza namba C, imetengenezwa 2006, inauzwa milioni tisa na laki nane. Ya pili namba D, imetengenezwa 2003, na mwenyewe hashuki chini ya kumi na moja na nusu. Soma tena. Ya zamani zaidi ndiyo ghali zaidi, na dalali aliyenionyesha zote mbili hakuona ajabu yoyote. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, si siri, ila kadi huwa haitolewi mpaka uiombe mara ya pili. (Mara ya kwanza alimkabidhi kaka yangu, ambaye alikuja kunisindikiza tu na hajui kuendesha.)

Ili kuelewa bei hiyo ya kichekesho inabidi turudi nyuma kidogo, mpaka wakati ambapo mtu wa kawaida hakuwa na la kuchagua.

Baba yangu, mwalimu Morogoro, alinunua Peugeot 404 mwaka 1979 kutoka kwa bwana shamba mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Watu waliita Pijo, na sifa yake ilikuwa imeshajengwa na mashindano ya magari ya Safari: Bert Shankland, fundi Mskoti aliyekuwa anaishi hapa Tanzania, alishinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mashindano yale, yaliyoanzishwa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa kama tangazo la gari lipi linahimili matope ya Afrika Mashariki. Na kisa ninachokipenda kuliko vyote cha mashindano hayo ni cha mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walipoibuka washindi kwa Volvo PV544 ya mtumba. Gari lile lilikuwa limekwisha kushindana mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Wasomaji wanaodharau gari la mkono wa pili walikumbuke hilo.

Lakini baba hakununua 404 kwa sababu ya Shankland. Aliinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na vita vya Kagera vilikuwa vimetoka kuikamua hazina. Mafuta nayo yalikuwa shida. Kulikuwa na kipindi ambapo Jumapili mchana gari binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani. Soko la magari ya mtumba lilikuwepo, ila lilikuwa soko la kuagana: mtaalamu mgeni anaondoka, daktari anahamishwa, anayebaki ananunua. Swali halikuwa "nichukue lipi?" Lilikuwa "nani anaondoka mwezi huu?"

Mlango ulianza kufunguka 1984, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata 1986. Pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kumiminika, kwa sababu zilijilipa zenyewe. Magari madogo yakafuata, mengi yakipitia Dubai, ambako wafanyabiashara wa Kizanzibari na wa bara walikuwa na njia zao tangu zamani. Baadaye watu wakaacha kupitia kwa mtu wa kati na kuagiza moja kwa moja Japani.

Kwa nini Japani? Jibu la haraka ni usukani: wao huendesha kushoto kama sisi, Wakenya, Waganda na Wazambia. Jibu hilo ni kweli ila halitoshi. Uingereza nako wanaendesha kushoto na hatukujaza barabara kwa magari yao.

Kilichotuletea magari haya ni utaratibu wa Kijapani wa ukaguzi, unaoitwa shaken, uliowekwa kisheria mwaka 1951. Gari dogo jipya linakaguliwa likitimiza miaka 3, baada ya hapo kila miaka 2. Mitaani kwetu watu husema Mjapani analazimishwa kulitupa gari likifika miaka mitatu. Si kweli, hakuna sheria kama hiyo. Anaweza kulitumia hata miaka thelathini akipenda. Ila kila ukaguzi unakuja na ada, bima ya lazima, kodi ya uzito wa gari na gharama ya kurekebisha kila kitakachoonekana kimepungua, na hadi 1995 gari lililopita miaka 10 lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Likipita miaka 13 kodi inapanda. Kwa hiyo kila tarehe ya ukaguzi inapokaribia, Mjapani anakaa mezani na kalamu anajiuliza swali lile lile ninalojiuliza mimi sasa: nilitengeneze hili au nichukue jingine? Wengi huchukua jingine. Lile la zamani linakwenda mnadani, kutoka mnadani linapanda meli.

Hapo ndipo nilipoanza kuziangalia IST zangu mbili kwa jicho jingine. Uteuzi wangu ni mkia wa uteuzi wa mtu mwingine, nisiyemjua, aliyefanya hesabu yake Nagoya au Saitama miaka mingi iliyopita.

Katikati yetu sisi wawili kuna mteuzi wa tatu, naye ni kodi. Tanzania haijapiga marufuku gari la zamani, inalitoza. Likiwa na miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15, likizidi 10 asilimia 30. Halafu kuna ukubwa wa injini: chini ya 1000 ushuru wa bidhaa hakuna, hadi 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo 10. Ndiyo maana kuna kizazi kizima cha Vitz na Passo kinachojulikana kwa jina la "cc 990". Kenya walichagua njia nyingine, gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Uganda tangu 2018 mwisho ni miaka 15. Mnada ni ule ule, meli pengine ni ile ile, lakini kinachoteremka Mombasa na kinachoteremka Dar es Salaam havifanani umri. IST namba D ninayoizungumzia ilifika hapa 2016 ikiwa na miaka 13. Mombasa isingekanyaga.

Mwaka 2016 ndio mwaka Uber ilipoanza kazi Dar. Vijana wengi walihitaji gari dogo, la milango mitano, lisilokunywa mafuta, ambalo spea zake unazipata Kariakoo hata saa moja usiku. IST ilikuwa jibu. Kwa hiyo ile namba D, nikisoma tarehe zake, yawezekana kabisa ilifanya kazi ya teksi. Dalali alikataa kwa kiapo. Mimi niliangalia kiti cha nyuma upande wa kushoto, kilivyobonyea kuliko cha dereva, nikanyamaza.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu, na sijawahi kuona maandishi yenye matabaka mengi kama gari la mtumba. Kuna karatasi ya mnada, kama bado ipo: mchoro wa gari limepasuliwa kama samaki wa kukaushwa, na juu yake herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Pembeni kuna alama ya jumla, 4 au 3.5, na ukiona R ujue gari limewahi kuumia na kutengenezwa. Kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa chini kwenye mkanda wa kiti, chenye tarehe ya mkanda wenyewe. Mikanda ikipishana miaka, uliza kulitokea nini. Kilomita za kwenye dashibodi mimi sizisomi tena. Hizo zina wahariri wengi.

Kwenye IST namba C karatasi ya mnada haikuwepo, lakini juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, kibandiko cha ukaguzi kilikuwa bado kimeng'ang'ania. Namba mbili: 25 na 4. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na enzi ya Heisei ilianza 1989, hivyo mwaka wa 25 ni 2013. Aprili 2013. Gari la 2006, kaguzi za 2009 na 2011 zimelipiwa, ya 2013 inakaribia, mwenyewe akaamua basi. Mwaka huo huo kadi inaonyesha limesajiliwa Dar. Hadithi yake imenyooka. Kioo cha nyuma kilikuwa na kibandiko kingine, cha kuthibitisha kwamba mwenye gari ana mahali pa kuliegesha, kwa sheria yao ya 1962. Nilikitazama nikiwa nimesimama Sinza, magari mawili yamepanda juu ya mfereji, moja limeziba mlango wa duka.

Nikampigia fundi. Nilitaka anieleze kwa nini soko linapenda namba D. Akasema soko halina wazimu. Watu wanaamini miaka ya Japani haihesabiki, lami tupu, foleni ya kistaarabu. Miaka inayokula gari ni ya huku, mashimo, matuta, mafuta ya vidumu. Namba D ya 2003 ina miaka michache ya kwetu kuliko namba C ya 2006. "Sasa wewe unasemaje?" nikamuuliza. "Mimi nasema mpira hauulizi uko nchi gani, dada. Bushi na sili zinazeeka zimelala. Halafu hiyo ya Uber, mwaka mmoja wake ni mitatu ya kwako."

Nilimwita aje aikague ile C. Alilala chini yake nusu saa. Shokapu za mbele zimekwisha, sampo inavuja kidogo, bodi safi, injini haijafunguliwa. Tukapatana milioni tisa na laki mbili, nikabakiza za shokapu na za kuhamisha umiliki. Nilijua nikija kuiuza herufi itanikata, na ile D ingenirudishia zaidi. Lakini gari hili sinunui kwa ajili ya siku ya kuliuza. Nalinunua kwa Jumanne na Ijumaa.

Jumanne ya kwanza nilifika Kibaha saa kumi na moja alfajiri. Mama akaketi mbele safari hii, akavuta mkanda, nikawasha. Mle ndani bado mna kile kifaa cha Kijapani cha kulipia barabara kuu, na kila ukiwasha injini sauti ya mwanamke, ya adabu sana, inalalamika kwamba kadi haijaingizwa. Fundi alitaka kukikata waya, nikamzuia.

"Anasemaje huyo?" mama akauliza.

"Anadai kadi ya kulipia barabara."

Mama akajiweka sawa kitini. "Mwambie tumeshalipa."