Watu wa Unguja katika Mji wa Maskati

Wazee wetu wa Singida huwaita Waarabu wenye maduka Wamanga, maana asili yao ni Manga, yaani Omani. Tumewazoea sana, nao husema Kiswahili kama sisi, hata twasahau kwamba babu zao walivuka bahari. Basi twataka kueleza habari za ndugu zao waliovuka bahari hiyo kwa kurudi, wakaona ugeni katika mji wa asili yao.

Unguja ilikuwa kama binti wa Maskati. Seyyid Said bin Sultan alitawala pande zote mbili, lakini aliipenda Unguja, akahamishia huko makao yake. Alipokufa mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kwamba nchi mbili hizo zitengane. Tangu hapo binti alimtangulia mama. Sultani Barghash aliwaletea watu wa Unguja maji ya mfereji, akajenga Beit el Ajaib. Baadaye zikafuata taa za umeme, shule na hospitali.

Maskati haikwenda mwendo huo. Said bin Taimur alipopata utawala mwaka 1932 alikuta hazina imejaa madeni. Aliyalipa, na kwa hili twamsifu. Lakini alizidi kuogopa kila jambo jipya. Hata mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, na barabara ya lami kiasi cha kilomita 10. Wagonjwa wengi walitegemea hospitali ya wamisionari wa Kimarekani pale Mutrah. Ilipofika saa tatu za usiku mzinga ulipigwa ngomeni, na malango ya mji yakafungwa. Aliyetembea baada ya hapo alipaswa kuchukua fanusi yenye moto, tochi haikukubaliwa. Sisi wafugaji twajua faida ya kufunga zizi usiku, lakini ng'ombe hufunguliwa asubuhi wakaenda malishoni! Mafuta yalianza kuuzwa ng'ambo mwaka 1967, na bado mzinga ulilia kila usiku.

Yalipotokea Mapinduzi ya Unguja, tarehe 12 Januari 1964, Waarabu wengi walikimbia. Sultani hakupenda kuwapokea wote, maana walikuwa wamesoma, na mawazo yao aliyaogopa. Kwa hiyo wengi walikaa Dubai, Kuwait na Cairo. Ndipo tarehe 23 Julai 1970 Qaboos akamwondoa baba yake, akawaita Waomani wote walio mbali warudi kujenga nchi. Wakaja wa Unguja, wakaja na wa bara. Kwa kuwa walijua Kiingereza na kazi za ofisi, walipata vyeo upesi mashuleni, serikalini na katika kampuni ya mafuta.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Wenyeji waliokosa shule kwa miaka mingi waliona wageni wakipewa viti vya mbele, tena wageni ambao wengi wao hawakujua Kiarabu sawasawa. Na wale walioitwa Waarabu walipokuwa Unguja, sasa waliitwa Wazanzibari. Mji umebadilika sana tangu siku zile, malango hayafungwi tena. Kiswahili kingali kikisemwa katika nyumba nyingi za Maskati, hata na vijana ambao hawajapata kuiona Unguja, nao pia jirani zao huwaita Wazanzibari.