Njia ya Joban na Reli ya Chini ya Ardhi ya Chiyoda: Historia ya Safari za Kupitiliza Jijini Tokyo na Suala la Nani Aliyebeba Gharama Zake

1.0 Utangulizi

Tarehe 20 Aprili 1971, treni za abiria zilizotoka Abiko, katika mkoa wa Chiba, zilianza kuingia katikati ya jiji la Tokyo kwa kupitia handaki la reli ya chini ya ardhi ya Chiyoda. Abiria aliyepanda Kashiwa au Matsudo aliweza kufika Otemachi, kwenye ofisi za mabenki na makampuni, au Kasumigaseki, kwenye majengo ya wizara za serikali, bila kubadili treni. Utaratibu huo, ambapo treni ya shirika moja huvuka mpaka na kuendelea na safari yake katika reli ya shirika jingine, utaitwa katika insha hii safari za kupitiliza.

Katika maandishi mengi kuhusu usafiri wa Japani, safari za kupitiliza huelezwa kama ushindi wa uhandisi na mipango miji. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana upungufu. Siku ileile ambayo wakazi wa Kashiwa walipata njia mpya ya kufika kazini, wakazi wa Kameari na Kanamachi walipoteza treni zilizokuwa zikiwapeleka moja kwa moja hadi Ueno. Insha hii inajadili hoja kwamba safari za kupitiliza za Joban na Chiyoda zilikuwa, kwanza kabisa, mapatano ya kugawana gharama baina ya mashirika mawili, na kwamba sehemu ya gharama hiyo iliwaangukia abiria ambao kijiografia walikuwa karibu zaidi na jiji.

2.0 Chimbuko la Njia ya Joban

Njia ya Joban haikujengwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kazini kila siku. Jina lake linaunganisha majina ya majimbo mawili ya kale, Hitachi na Iwaki, na kusudi lake la awali lilikuwa kusafirisha makaa ya mawe kutoka machimbo ya eneo hilo hadi Tokyo. Kampuni ya Nippon Railway ilifungua sehemu ya Tabata hadi Tsuchiura mwaka 1896. Mwaka 1905 kipande kipya kati ya Mikawashima na Nippori kiliwezesha treni za abiria kuelekea Ueno kwa njia iliyonyooka zaidi, na mwaka 1906 njia yote ikataifishwa pamoja na mali nyingine za kampuni hiyo.

Sura ya njia hiyo ilibadilika hatua kwa hatua. Umeme ulifika Matsudo mwaka 1936 na Toride mwaka 1949. Baada ya vita, mashamba ya kaskazini-magharibi mwa Chiba yalianza kugeuzwa makazi. Shirika la Nyumba la Japani, lililoundwa mwaka 1955, lilijenga mitaa mikubwa ya maghorofa huko Matsudo na Kashiwa, na familia changa zilizokosa nafasi jijini zikahamia huko. Kazi zao, hata hivyo, zilibaki Tokyo. Hivyo basi, njia mbili za reli zilizokusudiwa makaa ya mawe na treni za masafa marefu zikalazimika kubeba pia wafanyakazi wengi wa asubuhi na jioni.

Hatari ya kuchanganya treni za aina zote katika njia zilezile ilidhihirika usiku wa tarehe 3 Mei 1962 karibu na stesheni ya Mikawashima. Treni ya mizigo iliyopita taa nyekundu iliacha reli. Treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Ueno ikaigonga. Abiria wakashuka na kutembea relini. Kisha treni ya tatu, iliyokuwa ikielekea Ueno, ikafika kabla haijasimamishwa. Watu 160 walifariki. Ajali hiyo ilisukuma mbele uwekaji wa vifaa vya kusimamisha treni vyenyewe katika reli zote za taifa. Haiwezi kudaiwa kwamba peke yake ilileta upanuzi wa njia, lakini ilionyesha jinsi njia hiyo ilivyokuwa imefikia ukomo wa uwezo wake.

3.0 Sera ya Kuunganisha Vitongoji na Reli ya Chini ya Ardhi

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ya Tokyo, kati ya Asakusa na Ueno, ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 1927. Ilijengwa kwa upana wa milimita 1435 na umeme wake ulipitia reli ya tatu iliyolazwa chini. Reli ya Marunouchi, iliyoanza mwaka 1954, ilifuata mfumo huohuo. Reli nyingi za vitongoji, kwa upande mwingine, zilikuwa na upana wa milimita 1067, ambao ndio pia upana wa reli ya TAZARA, na zilipata umeme kutoka waya za juu. Kwa sababu hiyo treni za pande mbili hazikuweza kuchanganyika, na abiria wa vitongoji walirundikana katika stesheni za mwisho kama Ueno, Shibuya na Shinjuku wakisubiri kubadili.

Mwaka 1955 serikali iliunda Baraza la Usafiri wa Mijini, na mwaka uliofuata baraza hilo lilipendekeza reli mpya za chini ya ardhi zijengwe kwa namna itakayoruhusu treni za vitongoji kupitiliza. Hii ilimaanisha kwamba handaki lingechimbwa kwa vipimo vya treni ya kitongoji, badala ya treni ya kitongoji kuishia mlangoni mwa jiji. Pendekezo hilo lilitekelezwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1960, pale kampuni ya Keisei ilipoanza kuingiza treni zake katika reli ya chini ya ardhi ya manispaa. Ili kufanikisha hilo, Keisei ilikuwa imebadili upana wa reli zake zote kutoka milimita 1372 hadi 1435. Mwaka 1966 Shirika la Reli la Taifa nalo liliingia katika utaratibu huo kupitia reli ya Tozai.

4.0 Mapatano ya Mwaka 1971

Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Reli la Taifa lilianza mpango mkubwa wa kuongeza njia katika pande tano zinazoingia Tokyo: Tokaido, Chuo, Tohoku, Joban na Sobu. Kwa upande wa Joban, uamuzi ulikuwa kuwa na njia nne: mbili kwa treni za haraka na za masafa marefu, na mbili kwa treni zinazosimama kila stesheni.

Ugumu ulikuwa ndani ya jiji. Kuongeza njia mbili hadi Ueno kungehitaji ardhi ya gharama kubwa katika maeneo yaliyokwisha kujengwa. Wakati huohuo, Mamlaka ya Usafiri wa Haraka ya Teito, iliyoundwa mwaka 1941 kuendesha reli za chini ya ardhi, ilikuwa ikijenga reli ya Chiyoda, ambayo sehemu yake ya Kita-Senju hadi Otemachi ilifunguliwa tarehe 20 Desemba 1969. Reli hiyo ilikuwa na upana wa milimita 1067 na waya za juu za volti 1500 za mkondo mnyoofu, sawa na Joban. Mapatano yakawa kwamba Mamlaka ingejenga na kumiliki kipande cha Kita-Senju hadi Ayase, Shirika lingejenga njia mbili za ziada kutoka Ayase hadi Abiko, na treni za kila stesheni za Joban zingeingia katika handaki la Chiyoda.

Kwa hesabu za mashirika, mapatano hayo yalikuwa na faida kwa pande zote. Shirika la Reli la Taifa liliepuka kujenga njia mpya ndani ya jiji, nayo Mamlaka ilipata abiria wa vitongoji. Hata hivyo, kipande kifupi cha Kita-Senju hadi Ayase kiligeuka kuwa mpaka wenye utata, kwa kuwa kilikuwa mali ya shirika moja lakini kwa abiria wa ng'ambo ya Ayase kilikuwa sehemu ya safari ya shirika jingine. Ilibidi nauli zake ziwekewe utaratibu maalumu.

5.0 Athari kwa Kameari na Kanamachi

Kabla ya tarehe 20 Aprili 1971, abiria wa Kameari na Kanamachi, stesheni mbili zilizomo katika wilaya ya Katsushika, waliingia treni moja na kushuka Ueno. Baada ya tarehe hiyo, treni za haraka ziliwapita bila kusimama, na treni zilizosimama kwao ziliingia handakini. Aliyetaka kwenda Ueno alikuwa na njia mbili. Kwanza, angeweza kushuka Kita-Senju, kupanda ngazi kutoka jukwaa la chini ya ardhi na kusubiri treni ya haraka. Pili, angeweza kuendelea hadi Nishi-Nippori, ambako Shirika la Reli la Taifa lilifungua stesheni yake siku hiyohiyo ili kuwezesha kubadili treni. Kwa njia hii ya pili safari ilianza kwenye reli ya taifa, ikapita katika reli ya Mamlaka, na kurudi tena kwenye reli ya taifa. Hivyo nauli ya mashirika mawili ilihusika.

Malalamiko yaliyofuata yalikuwa na mantiki yake. Wakazi hao hawakuhama wala hawakubadili mahali pa kazi. Kilichobadilika ni mahali treni ilipoelekea, na kwa mabadiliko hayo walitakiwa kulipa zaidi au kubadili treni mahali ambapo awali hawakubadili. Si ajabu kwamba katika mazungumzo ya Kijapani kuhusu reli limezuka jina la kejeli kwa mpango huo, lenye maana ya safari za kupitiliza zinazoleta usumbufu.

Hali hiyo ilizaa pia kinyume cha kushangaza. Stesheni ndogo za Mikawashima na Minami-Senju, zilizo karibu zaidi na Ueno, zilibaki kwenye njia ya treni za haraka, kwa sababu treni za kila stesheni hazikupita tena huko. Treni iliyoitwa ya haraka ililazimika kusimama Mikawashima, ilhali ilizipita Kameari na Kanamachi.

Utegemezi kwa mashirika mawili ulionekana wazi zaidi wakati wa migogoro ya kazi. Wafanyakazi wa Shirika la Reli la Taifa walipogoma kwa siku nane, kuanzia tarehe 26 Novemba 1975, ili kudai haki ya kugoma, abiria wa ng'ambo ya Ayase hawakuwa na msaada wowote kutokana na kuwapo kwa handaki la Mamlaka. Reli iliyowaunganisha na jiji ilianzia mahali wasipoweza kufika.

6.0 Tofauti za Mabehewa na Gharama za Nishati

Mvutano mwingine ulihusu vyombo vyenyewe. Mamlaka iliendesha katika Chiyoda treni za aina ya 6000, zilizodhibiti umeme kwa vifaa vya kielektroniki na kurudisha nishati kwenye waya wakati wa kufunga breki. Shirika la Reli la Taifa lilileta treni za aina ya 103-1000, zilizotumia vikinza umeme vya kizamani. Vikinza hivyo hugeuza nishati kuwa joto, na joto hilo lilibaki handakini. Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1982, Shirika lilipoleta aina ya 203. Tukio hili linaonyesha kuwa kulingana kwa upana wa reli na volti ni sharti la lazima la safari za kupitiliza, lakini halitoshi: mgeni anapotumia nyumba ya mwenzake, tabia zake huwa gharama ya mwenyeji.

7.0 Hitimisho

Mfumo ulioanza mwaka 1971 umeendelea kupanuka. Mwaka 1978 Chiyoda iliunganishwa na kampuni ya Odakyu huko Yoyogi-Uehara, na mwaka 1982 njia nne za Joban zilifika Toride. Shirika la Reli la Taifa lilivunjwa mwaka 1987 na Mamlaka ikawa kampuni ya Tokyo Metro mwaka 2004, lakini mapatano ya awali yaliwazidi umri waliyoyatia saini. Tangu mwaka 2016 treni za makampuni yote matatu huvuka mipaka yote miwili.

Hata hivyo, historia haijawafidia wote kwa usawa. Mwaka 2015, baadhi ya treni za haraka za Joban zilipoanza kupita Ueno na kufika stesheni za Tokyo na Shinagawa, waliofaidika moja kwa moja walikuwa abiria wa stesheni zinazohudumiwa na treni hizo. Mkazi wa Kameari bado anabadili treni. Kwa muktadha huo, tathmini ya safari za kupitiliza haipaswi kuishia katika idadi ya abiria waliookolewa usumbufu wa kubadili treni. Inapaswa kuhesabu pia wale walioongezewa usumbufu huo, na kuuliza kama walishirikishwa kabla njia yao ya kale haijageuzwa. Katika Joban, mashirika mawili yaliketi mezani na kugawana ujenzi, umiliki na mapato. Abiria wa Kameari na Kanamachi waliupokea uamuzi ukiwa umekwisha chorwa kwenye ramani.