Chembe ya Higgs huenda ikawa mlango wa maada ya giza

Na Mwandishi Wetu

WARINA asali wanaolala katika misitu ya Ugalla, kati ya Mpanda na Tabora, huuona usiku wa kiangazi ule mkanda mweupe wa nyota ambao mkazi wa Dar es Salaam amefichwa na taa za umeme. Wanasayansi wanasema mkanda huo, ambao ni galaksi yetu, unazunguka kwa kasi isiyoelezeka kwa uvutano wa vitu vinavyoonekana peke yake. Nyota zingekwisha kutawanyika zamani.

Kinachozishikilia huitwa maada ya giza. Jina lenyewe lapotosha kidogo, maana giza hufunika, ilhali maada hii hupenywa na mwanga kana kwamba haipo. Fritz Zwicky aliidokeza mwaka 1933, na sasa inakadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni. Imeundwa na nini, hakuna ajuaye.

Hapo ndipo inapoingia chembe ya Higgs, ambayo ugunduzi wake ulitangazwa Julai 4, 2012 katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Chembe za msingi, kama elektroni, hupata tungamo kwa kugusana na uga wa Higgs. Kwa kuwa maada ya giza nayo ina tungamo, baadhi ya wanafizikia wanahoji: je, haiwezi kuwa inagusana na uga huo huo?

Ikiwa chembe ya giza ina tungamo lisilofikia nusu ya lile la Higgs, Higgs moja inaweza kuvunjika na kuwa chembe mbili za giza, zikatoweka bila kuonekana. Lakini hutoweka kwa kuacha dalili. Mtu akiruka kutoka kwenye mtumbwi usiku, hutamwona, ila mtumbwi utasukumwa upande wa pili. Ndivyo watafiti wanavyotazama chembe zilizosukumwa upande mmoja bila kingine kuonekana upande wa pili.

Mwaka 2023 watafiti wa jaribio la ATLAS walieleza kuwa Higgs zinazotoweka hivyo hazizidi asilimia 10.7. Nadharia iliyopo hutarajia asilimia 0.1 tu, kupitia nyutrino. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndimo tumaini lilimobaki.

Njia nyingine ni kusubiri chini ya ardhi. Huko South Dakota, Marekani, uliokuwa mgodi wa dhahabu sasa una tangi la zenoni ya kimiminika, kina cha karibu kilomita 1.5. Msomaji wa Mpanda, anayeyajua mashimo ya dhahabu, ataelewa kwa nini wapo huko: mwamba huzuia miale itokayo angani. Chembe ya giza ikipita, huenda ikakisukuma kiini cha zenoni kwa kupitia Higgs. Hadi matokeo yaliyotolewa mwaka 2024, hakuna iliyoonekana, na nadharia nyingi nyepesi za mlango huo zimekwisha kuondolewa.

Mtambo wa CERN umepangwa kurejea kazini ukiwa umeimarishwa takriban mwaka 2030, na Higgs zitakazozalishwa zitakuwa nyingi zaidi.