Tashkota na Kutu ya Mkomani

Kibangala kikivunjika, fundi wa Lamu hakuwa na haja ya kusubiri meli. Ala hiyo ya wazee wetu ilichongwa kwa kipande kimoja cha mti ikawambwa ngozi, na mji unaochonga milango kama Lamu haukosi mkono wa kutengeneza kigingi kipya. Udi nao, ala ya bingwa Zein l'Abdin aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, unataka mbao, gundi na subira. Shida ilikuja na tashkota.

Asili yake ni Japani. Goro Morita aliibuni mjini Nagoya mwaka 1912, enzi ya Taisho ilipoanza, ndipo ikaitwa taishokoto. Wazo alilitoa kwenye taipureta: safu ya vibonye juu ya nyuzi. Mkono wa kushoto ukibonyeza, kibonye hushusha kipande cha chuma kikakandamiza uzi, na wa kulia ukapiga. Ala ilikuwa nyepesi kubeba, na mtu aliijua upesi kuliko udi. Ikaenea Bara Hindi, ikafika pwani yetu, Waswahili wakalilainisha jina. Katika tarabu ya Mombasa ilivuma na kundi la Zuhura Swaleh, kwa ile sauti yake kali inayorukaruka. Baadaye ikatiwa umeme kama gitaa.

Kila kibonye kina springi yake ndogo ya kukirudisha juu. Huku Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, upepo wa bahari huingia chumbani na chumvi yake, kusi na kaskazi. Springi ikishika kutu, kibonye huzama kisirudi, na noti moja inayong'ang'ania yatosha kuharibu wimbo mzima.

Umeme uliongeza mzigo. Kinasa sauti ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Kwenye gitaa la umeme unene wake ni kama milimita 0.06, na mizunguko yake ni maelfu. Ukikatika pahali pamoja tu, ala hunyamaza, na jicho halipaoni palipokatika. Fundi hana budi kuufumua wote na kuuzungusha upya.

Niliwahi kuhangaika na tashkota moja kuukuu. Skrubu ya kwanza ilikatika kichwa. Ya pili niliitia mafuta nikailaza hadi asubuhi, ikafunguka. Springi zilikuwa zimekwisha kuliwa, basi nikajaribu za kalamu. Zilikuwa laini mno: vibonye vilirudi nusu. Niliumia, kwa kuwa ubao wake ulikuwa mzima kabisa, na nyuzi zilikubali kuwekwa sawa. Ala nzima ilizuiwa na vichuma visivyofika urefu wa kucha.

Siwa ya kale ya Lamu, lile baragumu kubwa, ni ya shaba, ndiyo maana chumvi hii hii haikuimaliza. Tashkota ilitengenezwa kwa chuma rahisi ili iuzwe kwa wengi, nayo haikuandaliwa kwa hewa yetu.

Kama unayo moja darini au sandukuni, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Ifunge kwa kitambaa kikavu, mbali na ukuta wenye unyevu. Na hata ikiwa hailii tena, usitupe vibonye wala springi zake. Vipuri vya kuifufua tashkota nyingine vitatoka humo.