Paka wa Ndani Wakati wa Joto: Tabora na Njia ya Misafara

Paka wa ndani ni paka anayeishi muda wote, au sehemu kubwa ya siku, katika nyumba ya binadamu. Katika mji wa Tabora na vituo vya zamani vya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe (eneo ilipo Tabora) hadi Ujiji, hali ya paka huyo wakati wa joto hutegemea mambo matatu: majira, nyumba na maji. Nyumba ndiyo iliyobadilika kuliko vyote. Ukuta mnene wa udongo umepisha tofali jembamba la kuchoma, na paa la udongo limepisha bati.

Majira

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu. Juni na Julai ni kipupwe, na paka wengi hulala jikoni karibu na mafiga. Joto hupanda kuanzia Agosti na kufikia kilele Septemba na Oktoba, ambapo mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Sentigredi. Wiki ya kwanza ya Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini mwa Tabora, na mawingu ya mvua huwa bado hayajafika. Novemba mvua zikishaanza, joto hulegea.

Njia nzima haina msimu mmoja wa joto. Bagamoyo huungua kuanzia Desemba hadi Machi, tena kwa hewa nzito ya bahari. Ujiji iko chini zaidi kuliko Tabora, kando ya Ziwa Tanganyika, na hupata upepo wa ziwa. Kati ya Ugogo na Unyanyembe lipo Mgunda Mkali, pori ambalo wapagazi wa karne ya 19 walilihofia kwa ukame wake.

Mwili wa paka na joto

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, *Felis lybica*, ambaye hadi leo yumo katika mapori ya Tanzania. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science ulionyesha kuwa paka wa nyumbani wa dunia nzima wanarudi kwenye tawi la paka mwitu huyo lililoishi Mashariki ya Kati. Kaburi la miaka 9,500 hivi lililofukuliwa Cyprus lilikutwa na mtu na paka waliozikwa pamoja. Kwa asili yake basi, paka ni mnyama wa nchi kavu. Figo zake hubana maji kiasi kwamba mkojo wake hutoka mzito, na mwili wake hustarehe katika joto ambalo binadamu angevua shati.

Ustahimilivu huo una mpaka. Joto la kawaida la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39. Tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo tu, kwa hiyo hawezi kutoa jasho mwili mzima kama mtu. Njia yake kuu ya kujipoza ni kujilamba: mate yakikauka juu ya manyoya huondoka na joto. Hapo hewa kavu ya Tabora humsaidia kuliko hewa ya Bagamoyo, kwa kuwa mate hukauka upesi. Lakini kila tone linalokauka ni maji yaliyotoka mwilini, na lazima yarudishwe.

Mbali na kujilamba, paka hujipoza kwa kuhama. Huenda kivulini, hujinyoosha sakafuni, huingia chini ya kitanda, na jua likigeuka naye hugeuka. Paka aliyefungiwa chumba kimoja amenyimwa njia hiyo, na ndiyo sababu paka wa ndani huumia kwa joto ambalo paka wa mtaani hulivumilia chini ya mwembe.

Tembe

Nyumba iliyomfaa paka wa bara kuliko zote ni tembe. Ni nyumba ya pembe nne, yenye kuta nene za udongo na paa bapa lililotengenezwa kwa magogo, fito na tabaka zito la udongo. Vyumba huzunguka ua wa ndani, na mbele huwepo baraza lenye kivuli. Wagogo walijenga tembe fupi zilizojikunyata chini dhidi ya upepo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Unyanyembe walijenga kubwa, zenye ghala na vyumba vya wageni.

Maelezo ya tembe hizo yapo kwa wingi, kwa kuwa wasafiri wa Ulaya walilala humo. Richard Burton na John Speke waliwasili Kazeh, eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na kupokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara mwenye asili ya Oman. Burton alieleza ujenzi wa tembe kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1860. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871, akapewa tembe Kwihara, nje kidogo ya mji. Alirudi hapo Februari 1872 akiwa na David Livingstone. Stanley aliondoka Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Tembe ya Kwihara imejengwa upya na sasa ni makumbusho. Mgeni anayeingia humo saa saba mchana wa Oktoba hupokewa na ubaridi kabla hajaona picha hata moja ukutani.

Ubaridi huo una sababu. Ukuta mnene wa udongo hunyonya joto polepole. Joto la adhuhuri huchukua saa nyingi kuuvuka, na linapofika upande wa ndani tayari ni usiku na hewa ya nje imeshapoa. Paa la udongo hufanya kazi hiyo hiyo. Madirisha yalikuwa madogo na machache, hivyo mwanga mkali haukuingia, na ua wa ndani uliruhusu hewa ya usiku kushuka.

Paka alikuwa na kazi humo. Ghala za tembe zilihifadhi mtama, mpunga na vitambaa, vitu ambavyo panya huvipenda vyote, na paa la fito ni maficho mazuri ya panya. Paka wa tembe alitembea atakavyo kati ya ghala lenye giza, baraza na ua, akichagua mahali kulingana na saa. Ubaya wa tembe nao ulijulikana: giza, papasi kwenye nyufa za sakafu, na paa lililovuja masika.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya wapagazi ikafa, na mabehewa yakaleta saruji na bati. Miaka ya 1970, wakati watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba bora ilihesabiwa kuwa ya tofali na bati. Tembe zikabaki chache, nyingi zikiwa Ugogo.

Nyumba ya bati

Nyumba nyingi za Tabora mjini sasa ni za tofali la kuchoma au la saruji na paa la bati. Bati halina subira ya udongo: jua likichomoza hupata moto, na kama hakuna dari, joto humwagika moja kwa moja chumbani. Hewa ya moto hukaa juu, kwa hiyo paka aliyezoea kulala juu ya kabati hulala mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Mahali bora ni chini. Sakafu ya saruji isiyo na zulia huvuta joto la tumbo la paka, na wengi huigundua wenyewe.

Dawa ya kwanza ni dari, iwe ya mbao, jasi au hata turubai lililotandazwa chini ya kenchi. Ya pili ni ratiba ya madirisha: kufungua usiku na alfajiri, kufunga na kushusha mapazia upande wa jua kuanzia saa nne asubuhi, kisha kufungua tena jua linapozama. Madirisha yawe na nyavu imara, kwa kuwa wavu wa mbu uliolegea hausimamishi paka aliyeona mjusi. Ya tatu ni mti. Miembe mikubwa iliyopandwa zamani za misafara bado inasimama Tabora na Ujiji, na nyumba iliyo chini ya kivuli chake hupumua.

Feni humsaidia paka kidogo kuliko inavyomsaidia mtu, kwa sababu ngozi ya paka haina jasho la kukaushwa na upepo. Hufaa zaidi ikipuliza juu ya taulo lililoloweshwa maji na kutundikwa, au baada ya paka kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Umeme ukikatika, taulo hilo dirishani linatosha.

Stoo ni hatari inayosahaulika. Mtu humfungia paka stoo ya mahindi akamate panya, akaenda kazini hadi jioni. Stoo isiyo na dirisha chini ya bati huweza kuwa tanuri. Katika wilaya zinazolima tumbaku, kama Urambo, Kaliua na Sikonge, mabani ya kukaushia majani hupandishwa joto hadi nyuzi 70 hivi. Milango yake ifungwe baada ya kukagua kuwa hakuna paka ndani.

Maji na chakula

Paka wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, yakiwemo yaliyomo ndani ya chakula. Hapa ndipo chakula cha Tabora kina kasoro. Paka wengi hulishwa ugali na dagaa wa Kigoma, na dagaa mkavu karibu hana maji. Nyama au samaki mbichi ana maji kwa takriban asilimia 70. Kuloweka dagaa, au kuwachemsha bila chumvi na kumimina mchuzi wake juu ya ugali, humpa paka maji bila kumbembeleza anywe.

Chombo nacho kina maana. Bakuli la udongo lisilopakwa rangi hupoza maji kwa namna ile ile ya mtungi: maji hupenya ukutani mwa chombo, hukauka nje na kuondoka na joto. Chombo hicho hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu ya Oktoba. Kiwekwe mbali na chakula na mbali na sanduku la mchanga, maana paka huyakataa maji yaliyo karibu na uchafu. Vyombo viwili katika vyumba tofauti ni bora kuliko kimoja. Maziwa si badala ya maji. Paka wengi wakubwa huharishwa nayo, na kuhara huwapotezea maji zaidi.

Tabora ina historia ndefu ya uhaba wa maji mwishoni mwa kiangazi, na kwa miaka mingi ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa Tabora, Nzega na Igunga umepunguza tabu hiyo.

Kuzidiwa na joto

Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa yuko hatarini. Dalili nyingine ni udenda mwingi, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika na kulegea. Joto la mwili likivuka nyuzi 40 hali ni mbaya. Likipita 41 viungo vya ndani huweza kuharibika. Paka ahamishiwe kivulini, aloweshwe maji ya kawaida tumboni, miguuni na masikioni, apepewe, na apelekwe kwa daktari wa mifugo hata akionekana kupata nafuu. Barafu isitumike, kwa kuwa hubana mishipa ya ngozi na kuzuia joto lisitoke. Asinyweshwe maji kwa nguvu.

Panadol asipewe kamwe ili kumshusha joto. Kidonge kimoja huweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe: wakati wa joto viroboto na kupe huongezeka, na baadhi ya wafugaji humpaka paka dawa ya josho, ambayo huweza kumletea degedege na kifo.

Wanaozidiwa upesi ni vitoto, wazee, wanene na wenye pua fupi kama paka wa Kiajemi.

Paka weupe

Masikio ya paka mweupe huungua na jua na huweza kupata saratani ya ngozi. Asiachwe kuota jua dirishani mchana.

Dini na sheria

Kumfungia paka au kumnyima maji ni suala la dini na sheria pia. Tabora ni mji wenye Waislamu wengi, na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inafahamika. Muwatta ya Imam Malik inaeleza jinsi Abu Qatada alivyoinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kwa kuwa paka si najisi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamhusu pia mwenye paka.

Hali ya sasa

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Tabora kinachohudumia kanda ya magharibi. Huduma nyingi za mifugo za mkoa huelekezwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na paka hukumbukwa zaidi wakati wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwenye paka anashauriwa kumwona daktari wa mifugo na kukagua dari na madirisha ya nyumba yake kabla Septemba haijaingia.