P.K. Subban: Beki wa barafuni aliyegeuka mchambuzi wa televisheni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mpira wa magongo unaochezwa barafuni, mchezaji anayesifiwa ni yule mwenye maneno machache. Akifunga hashangilii kupita kiasi, na akihojiwa huwasifu wenzake kisha akaenda zake.

Pernell-Karl Subban, maarufu kwa jina la P.K., hakuwa mtu wa aina hiyo. Alicheza misimu 13 katika NHL, ligi kuu inayozikutanisha klabu za Kanada na Marekani, huku baadhi ya wakosoaji wakimwona mtu wa mbwembwe. Alipostaafu mwaka 2022, ulimi na uchangamfu ule ule ndio uliomfungulia milango ya kituo cha televisheni cha ESPN cha Marekani.

Subban alizaliwa Mei 13, 1989 jijini Toronto, Kanada, katika familia ya wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Baba yake, Karl, alitoka Jamaika, na mama yake, Maria, Montserrat. Karl, aliyekuwa mwalimu, alimpeleka mwanawe usiku kwenye kiwanja cha barafu kilicho mbele ya ofisi za manispaa ya jiji, mahali ambapo watu huteleza bila malipo. Wadogo zake wawili, Malcolm na Jordan, nao walichaguliwa na klabu za NHL.

Mchezo huo kwa muda mrefu umetawaliwa na Wazungu. Mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL, Willie O'Ree, aliingia uwanjani Januari 1958 akiwa na Boston Bruins. Nusu karne baadaye, wachezaji weusi walikuwa bado wakihesabika.

Nyota wa Montreal

Mwaka 2007 Subban alichaguliwa na Montreal Canadiens, klabu ambayo baba yake aliishabikia tangu utotoni. Alikuwa mchezaji wa 43 kuchaguliwa mwaka huo, nafasi isiyoashiria makubwa.

Kila timu huwa na wachezaji sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Beki hulinda lango, lakini Subban alipenda pia kupanda mbele na kupiga mikwaju mikali kutoka mbali. Mwaka 2013 alitwaa Tuzo ya Norris, ambayo hutolewa kwa beki bora wa ligi, akiwa mchezaji wa kwanza mweusi kuipata. Mwaka uliofuata alikuwa katika kikosi cha Kanada kilichotwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Sochi, Urusi.

Hata hivyo, sifa hizo hazikuzima manung'uniko. Katika msimu huo wa Norris, kocha wake, Michel Therrien, alipiga marufuku namna ambavyo Subban na kipa Carey Price walikuwa wakipongezana kwa kugonganisha viganja baada ya ushindi. Mei 2014, baada ya Subban kuifungia Montreal bao la ushindi dhidi ya Boston katika muda wa nyongeza, mtandao wa Twitter ulifurika matusi ya kibaguzi dhidi yake.

Agosti 2014 alisaini mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 72 za Marekani. Mwaka mmoja baadaye aliahidi kuichangisha hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10 za Kanada katika kipindi cha miaka saba.

Kuhamishwa

Mji huo ulipigwa na butwaa Juni 29, 2016, Montreal ilipompeleka Nashville Predators na kumchukua beki Shea Weber. Zilikuwa zimesalia siku mbili tu kabla ya kuanza kutumika kwa kifungu cha mkataba ambacho kingemzuia kuhamishwa bila ridhaa yake. Mjadala ukazuka iwapo alihamishwa kwa sababu za kiufundi au kwa sababu ya haiba yake.

Msimu wake wa kwanza, Nashville ilifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikafungwa na Pittsburgh Penguins. Kombe hilo hakulipata kamwe. Mwaka 2019 alihamia New Jersey Devils.

Januari 2022, mdogo wake Jordan alifanyiwa ishara iliyotafsiriwa kuwa ya kibaguzi katika mechi ya ligi ya chini. P.K. aliisambaza picha ya video ya tukio hilo na kulisema hadharani. Mchezaji aliyehusika, ambaye alikanusha nia ya ubaguzi, aliachwa na klabu yake na kufungiwa kwa muda uliosalia wa msimu.

Mbele ya kamera

Mwaka huo huo Subban alipewa Tuzo ya King Clancy kwa uongozi na mchango wake kwa jamii. Septemba 20 alitangaza kustaafu akiwa na umri wa miaka 33, baada ya mechi 834 za msimu wa kawaida, mabao 115 na pasi za mabao 352.

Tayari alikuwa ameonja uchambuzi kwenye ESPN wakati wa mechi za mtoano za mwaka huo, kisha kituo hicho kikampa mkataba wa miaka mingi. Studioni hakuna kocha wa kumkataza kushangilia. Kwa mchambuzi, kunyamaza ndilo kosa, na maneno yaliyomponza uwanjani yakawa ndiyo ajira yake.