Mashahidi watano: historia ya karte ya uchaguzi na sisi tuliorudi



Wengine wanaona karte ya uchaguzi kama kitu cha siku moja: unapiga kura, unaiweka. Kwetu tuliorudi kutoka kambi za Kigoma haiko hivyo. Hiyo karte inatumika pia kama kitambulisho. Ndiyo jibu pale kwenye barieri unapoulizwa, “Wewe ni mtu wa wapi?” Basi tujue ilitoka wapi, na juu ya nini wengi wetu tuliipata kwa shida.

Mwezi wa 5 mwaka 1960, mbele ya uhuru, wanaume peke yao ndio walichagua wabunge. Wanawake walipata haki hiyo mwaka 1967. Mwaka uleule Mobutu akaanzisha MPR, na katiba ya 1974 ikafanya kila raia wa Zaire kuwa mwanachama wake. Chama hakikukutafuta; ulizaliwa ndani yake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza vyama vingi, lakini uchaguzi haukufika. Ikafika vita ya 1996, kisha ya 1998, na watu wa Fizi na Uvira wakavuka Ziwa Tanganyika.

Mwaka 2004 bunge la mpito lilipitisha sheria tatu zinazotugusa: ya vyama vya siasa mwezi wa 3, ya uraia mwezi wa 11, na ya kuandikisha wachaguzi tarehe 24 Desemba. Chama cha siasa kinaandikishwa kwa wizara ya mambo ya ndani, Kinshasa, na hakiruhusiwi kusimama juu ya kabila, dini ao lugha. Mchaguzi, yeye, alipaswa kuwa Mkongomani wa miaka 18 ao zaidi, na awe ndani ya nchi wakati wa kuandikisha. Asiye na makaratasi alihitaji mashahidi 5, walioandikwa tayari kwenye kituo kilekile na wanaokaa pale tangu miaka 5.

Tume ya uchaguzi ya Padri Apollinaire Malumalu ilifungua vituo vya kwanza Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2005. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa, na tarehe 30 Julai 2006 nchi ikapiga kura.

Sasa weka tarehe hizo pembeni ya zetu. Meli za HCR kutoka Kigoma kuja Baraka zilianza mwezi wa 10 mwaka 2005. Aliyebaki Nyarugusu ao Lugufu hakuwa ndani ya nchi, kwa hiyo hakuandikishwa. Aliyewahi kufika, na makaratasi yake yaliungua na nyumba, alitafuta mashahidi. Lakini katika kijiji kilichokimbia chote, nani alikuwa amekaa pale miaka 5? Sheria ilitaka kuzuia mgeni. Haikumtofautisha vizuri na mtoto wa nyumbani aliyekuwa mbali.

Na hasara haikuwa ya mtu mmoja. Viti 500 vya bunge vinagawanywa kufuatana na hesabu ya walioandikishwa. Teritware ambayo watu wake wako kambini inahesabiwa kidogo.

Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, Wakongomani wa ng’ambo wakafunguliwa mlango. Kwa uchaguzi wa 2023 waliandikishwa katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Tanzania haikukuwamo. Humu ndani, vita ilizuia kuandikisha sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru. Aliyekimbia bado ndiye anayesahaulika.

Vyama vya siasa je? Mwaka 2018 orodha ya leta ilikuwa na vyama 599. Wakija kuhimiza watu wajiandikishe, ni kazi nzuri. Lakini tusichanganye: karte ya chama cha siasa haikupi haki ya kupiga kura, wala haikutambulishi.

Kazi yetu ni ingine. Muhula ni miaka 5, kwa hiyo uchaguzi ujao ni wa 2028. Kila mwanachama mwenye karte anaweza kuwa shahidi wa ndugu anayerudi kesho. Tuandike katika daftari la chama nani anamfahamu nani, ametoka lokalite gani, shefu wake ni nani. Tutunze makaratasi ya HCR ya kurudi. Tangazo la tume likitoka, tulisome pamoja, maana masharti ya 2005 siyo ya leo.

Na mtoto akizaliwa, tumpeleke kwa biro ya etasivili ndani ya siku 90, ni bure. Huyo hatahitaji mtu wa kushuhudia kwamba ni wa hapa.